Namna ya Kumhudumia Mgonjwa wa Skizofrenia Anayetumia Sindano ya Mwezi: Mwongozo kwa Familia za Mtwara na Lindi

Familia nyingi zinazoishi na mgonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, hulalamikia jambo moja, nalo ni kwamba vidonge havimezwi. Mgonjwa akipata nafuu huona kwamba amepona na hahitaji dawa tena, au huvificha chini ya ulimi kisha akavitema uani, na kila jioni huwa ya kubembelezana na kugombana. Sindano zinazofanya kazi kwa muda mrefu zilianza kutumika katika miaka ya 1960 kwa sababu ya tatizo hilo hilo. Dawa yenyewe haina miujiza kupita vidonge, lakini inaondoa mvutano wa kila siku, na mgonjwa asipofika kliniki inajulikana siku ile ile.

Flufenazini dekanoati, ambayo imetumika kwa miaka mingi, huchanganywa na mafuta ya ufuta, yale yale yanayotokana na zao ambalo wakulima wa Lindi na Mtwara hulipeleka mnadani. Mafuta hayo hutulia ndani ya msuli na kuachia dawa kidogo kidogo, ndiyo maana sindano moja hutosha kwa wiki 2 hadi 4. Haloperidoli dekanoati nayo huwa katika mafuta ya ufuta na kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki 4. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hupata vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua anapokula ufuta amweleze daktari mapema. Zipo pia dawa mpya zaidi zisizo na mafuta, kama vile paliperidoni, ambayo aina yake moja huchomwa kila mwezi na nyingine kila miezi 3, ila bei yake ni kubwa.

Kabla ya sindano ya kwanza, mgonjwa hupewa vidonge vya dawa ile ile au inayofanana nayo ili ionekane kama mwili wake unaipokea, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye msuli haiwezi kutolewa. Kwa dawa za mafuta, sindano ya kwanza pia mara nyingi huwa ya kipimo kidogo. Wakati huo ndio wa kuzungumza. Mgonjwa aelezwe anachochomwa na sababu yake, aulize anachotaka kuuliza, na aridhie mwenyewe akiwa ametulia. Kumdanganya kwamba ni sindano ya malaria ni kujichimbia shimo, maana akigundua hatarudi. Katika koo nyingi za Wamakonde, Wamakua na Wayao, neno la mjomba lina uzito kuliko la baba, hivyo ni busara mjomba ahudhurie siku hiyo, la sivyo mnaweza kukubaliana kliniki na uamuzi ukatenguliwa nyumbani.

Siku ya kuchomwa, muuguzi hutumia bomba na sindano vikavu kabisa, kwa kuwa unyevu kidogo tu unaweza kuyafanya mafuta yawe na ukungu. Mafuta ni mazito, kwa hiyo huvutwa polepole na kusukumwa polepole, kwa kawaida kwenye robo ya juu upande wa nje wa tako. Mahali palipochomwa pasisuguliwe wala kukandwa kwa maji ya moto, na safari inayofuata ni zamu ya upande wa pili. Msiondoke kabla kadi haijaandikwa jina la dawa, kipimo, upande uliochomwa na tarehe ya kurudi.

Wiki za kwanza ndizo zinazowavunja moyo wengi. Dawa huchukua takriban miezi 2 hadi 3 kufikia kiwango chake kamili mwilini, hivyo daktari anaweza kuagiza vidonge viendelee kwa muda. Asivikatize mtu kwa kudhani sindano imeshachukua nafasi yake.

Madhara yanahitaji macho ya watu wa nyumbani. Katika siku za mwanzo shingo inaweza kupinda, taya kukaza au macho kugeukia juu yasishuke, jambo ambalo watu huliita jini limepanda, na mgonjwa akapelekwa kwa mganga usiku huo. Hayo ni madhara ya dawa, na yana tiba ya haraka hospitalini. Wengine hutetemeka mikono, huburuta miguu, au hushindwa kukaa sehemu moja, wakiinuka na kuketi mfululizo. Hali hii ya mwisho isichukuliwe kuwa ukorofi. Hedhi inaweza kusimama na maziwa kutoka ingawa hakuna mimba, lakini sindano hii si ya uzazi wa mpango, na mwanamke anaweza kushika mimba. Baada ya muda mrefu, midomo na ulimi vinaweza kuanza kuchezacheza vyenyewe, na dalili hiyo itajwe mara tu inapoonekana.

Lililo zito kuliko yote ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Kwetu kila homa huitwa malaria, na hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa huyo akimbizwe hospitali mara moja, na neno la kwanza la msindikizaji liwe kwamba anachomwa sindano ya skizofrenia, kisha aonyeshe kadi.

Tarehe za sindano zipangwe kwa kuangalia msimu. Familia nyingi huhamia mashambani wakati wa kuokota korosho, na kliniki husahaulika hadi mauzo yaishe. Kabla ya kuhama, muulizeni mhudumu kama sindano inaweza kutolewa kituo cha afya kilicho karibu na shamba, na mbebe barua. Pigeni simu kabla ya kusafiri kutoka Liwale au Tandahimba, ili msifike mkakuta dawa imekwisha. Msimu huo pia ndio wa uraka na nipa, na pombe huongeza usingizi na kuchochea ugonjwa. Kwa anayefunga Ramadhani, wanazuoni wengi wanaona sindano ya msuli isiyo ya lishe haibatilishi saumu, hata hivyo anaweza kuomba miadi ya jioni au kumuuliza sheikh wake.

Tarehe ikipita, nendeni mapema iwezekanavyo, wala msiombe sindano 2 kwa mpigo. Msidanganywe na utulivu wa wiki hizo, kwa kuwa akiba ya dawa huisha taratibu na ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ile sindano iliyorukwa. Kwa sababu hiyo hiyo, hata daktari mwenyewe akiamua kupunguza au kusimamisha dawa, mgonjwa huendelea kuhudhuria kliniki kwa miezi mingi baada ya sindano ya mwisho.