Somo: Ukialikwa kwenye utafiti wa "pesa leo au pesa baadaye"

Wengi mmeniuliza kuhusu ile SMS inayokualika Nairobi ukae mbele ya kompyuta kama saa moja, ujibu maswali ya pesa, kisha ulipwe. Nimeketi vikao vitatu vya namna hiyo, na kimoja nilikivuruga mwenyewe. Si kamari wala pata-potea. Wanauchumi wanataka kujua mtu anavyopima pesa ya leo na ya kesho kutwa. Nairobi inawafaa kwa sababu ya M-Pesa, iliyoanza 2007: mtafiti anaweza kukutumia pesa dakika hiyo hiyo, au siku mliyopatana, bila kukurudisha ofisini.

Hatua ya 1: Hakikisha mwaliko ni wa kweli. Utafiti halali Kenya huwa na kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, na hakuna ubaya kuomba kukiona. Ukiambiwa utoe "ada ya usajili" au utaje PIN, kata simu.

Hatua ya 2: Laini iwe yako. Iwe imesajiliwa kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, si la shemeji. Na usiibadilishe hadi malipo ya mwisho yaingie. Mimi kwenye kikao cha pili nilichagua kungoja wiki nne, wiki ya tatu nikahamia laini mpya, sikumwambia mtu. Muamala ukakataa. Nilizungushana nao kwa simu siku kumi kabla sijapata changu, na kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 3: Fomu ya ridhaa. Isome. Unaweza kuondoka wakati wowote, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinakwenda wapi.

Hatua ya 4: Jedwali. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Kwenye skrini utaona mistari kama hii (tarakimu ni za mfano wangu):

sh. 300 leo, au sh. 310 baada ya wiki nne
sh. 300 leo, au sh. 330 baada ya wiki nne
sh. 300 leo, au sh. 360 baada ya wiki nne
sh. 300 leo, au sh. 400 baada ya wiki nne

Upande wa kushoto haubadiliki, wa kulia unapanda. Wengi huanza kwa "leo", kisha wakifika mahali wanasema hapa sasa nitangoja. Mstari unaovukia ndio wanaoutafuta. Ukivuka, ukarudi, ukavuka tena, wataona hukusoma.

Hakuna jibu sahihi. Jirani yangu wa kiti kikao cha kwanza alikuwa akichungulia skrini yangu kama tuko kwenye mtihani wa darasa la nane! Mwisho wa kikao kompyuta hupiga kura ya mstari mmoja tu, na ulichochagua pale ndicho utakacholipwa. Hujui utakuwa upi, kwa hiyo jibu kila mmoja kana kwamba ndio huo. Ukichagua kungoja ili uonekane mtu wa maana, utangoja kweli.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1981 mwanauchumi Richard Thaler aliwauliza watu: badala ya dola 15 sasa, ungetaka ngapi baada ya mwezi, mwaka, miaka kumi? Majibu ya katikati yalikuwa 20, 50 na 100. Lakini yalikuwa maswali ya "tuseme", hakuna aliyelipwa kwa jibu lake. Mtu akijua pesa inakuja, kichwa hufanya hesabu nyingine.

Hatua ya 5: Tokeni. Si za stima. Unapewa mia moja uzigawe kati ya tarehe mbili. Tuseme kila tokeni ya leo ni sh. 4, ya baada ya wiki nne sh. 5. Zote leo, 400. Zote baadaye, 500. Nusu kwa nusu, 200 leo na 250 baadaye. Mtindo huu waliuleta wanauchumi James Andreoni na Charles Sprenger, makala yao ikatoka 2012. Binafsi naupenda kuliko jedwali, maana maisha yenyewe ni ya kugawanya.

Hatua ya 6: Kura, malipo, nyumbani. Andika tarehe ya malipo ya pili mahali utakapoiona.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mboga, Kawangware: Mwalimu, mimi ningechagua leo kila mstari. Si wataniona mlafi?

Hapana, mama. Sh. 300 ukiwa nazo alfajiri unashuka Marikiti, jioni zimeshazaa. Kwa nini ungoje wiki nne upate 30 zaidi? Mtafiti asiyekuuliza unafanya kazi gani anaweza kudhani huna subira, na hilo ni tatizo la utafiti wake. Wenyewe wanalijua. Ndiyo maana Augenblick, Niederle na Sprenger, katika makala ya 2015, waliwapa watu kazi ya kuchosha ya kunakili herufi za Kigiriki zilizofifia, wachague waifanye lini. Kazi huwezi kuipeleka sokoni.

Wa boda, Kasarani: Boss, na kama nina mkopo wa simu?

Piga hesabu. M-Shwari ilipoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Deni la 300 kwa ada hiyo ni sh. 22.50. Mstari wa 330 unakupa 30, kwa hiyo kungoja kunakuzidishia sh. 7.50. Mstari wa 310, chukua leo ulipe. Ila kama tarehe ya deni ni kesho na faini inakungoja, chukua leo tu.

Mwanafunzi, Juja: Nitajuaje watanilipa baada ya mwezi?

Swali zuri, na ukiwa na shaka utachagua leo hata kama ungependa kungoja. Andreoni na Sprenger waligawa dola 10 za kushiriki mara mbili: tano na malipo ya mapema, tano na ya baadaye, ili kila mtu awe na cha kupokea siku zote mbili. Walimpa pia kila mshiriki kadi ya Andreoni, apige simu asipolipwa. Nawe omba namba ya mtu, si ya ofisi tu.

Ndugu, Mombasa: Assalaam aleikum. 300 kuwa 330 kwa kungoja, hiyo si riba?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi naona hujamkopesha mtu, unachagua kati ya zawadi mbili. Lakini mimi si sheikh. Muulize wako kabla ya siku, na moyo ukikataa hulazimishwi.

Mshiriki wa zamani: Sisi "leo" ilimaanisha jioni. Wenzetu walilipwa pale pale. Ni upendeleo?

Ulikuwa mpango wenyewe, nadhani. Balakrishnan, Haushofer na Jakiela walifanya hivyo hapa Kenya kwa watu 494, makala ikatoka 2020. Waliolipwa kwa M-Pesa mara tu baada ya kikao waliielemea leo waziwazi: shilingi ya baadaye ilionekana kama senti 90 hadi 92 kwa sababu tu si ya sasa hivi. Malipo ya siku hiyo hiyo yaliposogezwa hadi kufunga kazi, mwelemeo huo haukuonekana. Saa chache tu! Naamini, maana kikao cha kwanza simu ilitetemeka mfukoni kabla sijafika getini, na nilijua nimeichagua kwa ajili ya mtetemo ule.

Dada, Rongai: Simu ikizima chaji?

Pesa inaingia kwenye laini, dada, haiingii kwenye betri.