Kanga inayoongea ukiigusa: projekti ya mwaka wa mwisho isiyokula hela nyingi

Mwaka wa mwisho ukifika darasa zima linataka projekta ukutani na kamera inayofuata watu. Mi nasema chukua kanga. Kanga yenyewe tayari inasema, ina pindo, ina mji (ile sehemu ya katikati), ina jina (yale maandishi), sisi tunaiongezea sauti tu: mtu akigusa jina anamsikia bibi akieleza kanga hii angempa nani na kwa nini.

Kama umesoma sanaa na mambo ya waya yanakutisha, tulia. Arduino (vibodi vya elektroniki pamoja na programu ya kompyuta ya kuviandikia maelekezo) ilianzia Ivrea kule Italia mwaka 2005, na waliolengwa ni wanafunzi wa usanifu, sio mainjinia. Hapa lakini tunatumia bodi ya ESP32, ina pini 10 zinazohisi mguso zenyewe kwahiyo sensa hununui, na maelekezo yake unayaandika kwenye programu ileile ya Arduino.

Ila usinunue kitu bado! Tundika kanga, jifiche nyuma yake na simu yenye zile sauti, mtu akigusa wewe unabonyeza. Mimi ndo nilipookokea hapo, maana nilipanga kuweka sensa katikati ya mji kwenye ua kubwa, na hakuna aliyeligusa, watu wamesimama mikono nyuma kama wako makumbusho (tumeshakaripiwa sana "usiguse"). Alafu akaja mama mmoja akaanza kusoma jina kwa sauti, "Mgeni njoo mwenyeji apone", huku kidole kinapita juu ya herufi moja moja. Basi nikahamishia kila kitu kwenye jina, na kanga nikaishusha ikae usawa wa kifua.

Sasa vifaa. Nyuma ya kila neno bandika kipande cha foili ya jikoni, upana wa vidole vitatu hivi, kitambaa kikiwa kikavu mguso unapita bila shida. Usiweke foili kubwa wala waya mrefu, usomaji unayumba. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye alumini hivyo usihangaike, vua waya ganda, ukunjie foili juu yake, kaza kwa selotepu. Upande wa pili wa waya unaenda kwenye pini ya bodi: 4, 13, 14, 27, 32 na 33 ziko poa, 0, 2 na 12 achana nazo, zina kazi zao bodi inapowaka.

Sauti inatoka kwenye DFPlayer Mini, bodi ndogo ya kucheza mp3 yenye sehemu ya memori kadi, ipe volti 5 na weka rezista ya kilo-ohm 1 kwenye waya unaotoka ESP32 kuingia RX (pini yake ya kupokea amri) la sivyo spika inavuma kama nyuki. Kadi ifomatiwe FAT32, fungua folda inaitwa mp3, na mafaili yaitwe 0001.mp3, 0002.mp3 kuendelea.

Kwenye programu kosa la wengi ni kuandika namba moja ya mguso (bodi inasoma kila pini kama namba, na namba hiyo inabadilika ukigusa) na kuiacha hapohapo. Namba ya nyumbani kwako sio ya ukumbini, chaja nyingine tu inaibadilisha. Fanya hivi: bodi ikiwaka isome kila pini kwa sekunde tano bila mtu kugusa, ipate wastani, kisha hesabu mguso pale namba inaposhuka chini ya theluthi mbili za huo wastani mara tatu mfululizo (kwenye ESP32 hii ya kawaida ukigusa namba inashuka, haipandi). Na sauti ikiwa inacheza isikubali mguso mwingine, watoto watakutesa.

Rekodi fupi, sekunde 15 mwisho, bibi akirefusha mgeni anaondoka. Muombe ruhusa kwanza na umwambie itasikika wapi.

Siku ya maonyesho umeme unaweza kukatika so beba pawabenki, lakini ijaribu usiku mzima kabla, zipo zinazojizima zenyewe zikiona kifaa kinakula umeme kidogo. Na kadi ya pili yenye sauti zilezile weka mfukoni.