Ukuta wa besimenti (chumba cha chini ya ardhi) una unyevu? Bandika nailoni kwanza

Kabla hujamwita fundi akuchimbulie msingi, kata kipande cha nailoni nzito, sentimita 40 kwa 40, ukibandike kwenye ukuta na uzibe kingo zote nne kwa selotepu pana. Ukuta ukaushe kwanza kwa taulo na feni, la sivyo selotepu haishiki. Kiache siku 2. Matone yakiwa upande wa chumbani, hayo yanatoka hewani: hewa ya joto imegusa ukuta wa baridi. Funga madirisha siku za joto (najua, mkono unawasha kuyafungua) na uwashe mashine ya kukausha hewa. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapenya kutoka ardhini. Hapo anzia kwenye mifereji ya paa, bomba limwage maji angalau mita 2 kutoka ukutani. Mimi hapa Minnesota, Marekani, nilikuta kumelowa pande zote mbili, ikabidi nifanye yote. Kipimo hiki hudanganya kama mvua haijanyesha karibuni: ukuta unaonekana mkavu, kumbe. Na ukiona maji yanachuruzika kwenye ufa, au yanaibuka pale sakafu inapokutana na ukuta, nailoni haina kazi tena.