Namna ya kuandika wasifu wa jaji wa Pakistan bila kuchanganya tarehe

Anza na viapo, vyeo vitafuata. Ukipanga vyeo peke yake utapata ngazi iliyonyooka, na kwa majaji wa Pakistan ngazi ya namna hiyo mara nyingi huficha jambo. Chora jedwali la safu nne: wadhifa, siku ya kuapishwa, siku ya kuondoka, sababu ya kuondoka. Safu ya nne ndiyo itakayokutoa jasho.

Mchukue Nasir-ul-Mulk, mzaliwa wa Mingora, Swat, 17 Agosti 1950. Aliingia Mahakama Kuu ya Peshawar 1994, akawa Jaji Mkuu wake 2004, akapanda Mahakama ya Juu 2005. Ukirukia kutoka hapo hadi Julai 2014, alipoapishwa Jaji Mkuu wa Pakistan, umeacha pengo. Tarehe 3 Novemba 2007 Jenerali Musharraf, Rais na mkuu wa jeshi, alisimamisha katiba na kuwataka majaji waape upya chini ya amri yake ya muda. Nasir-ul-Mulk alikuwa katika jopo la majaji saba lililotoa zuio dhidi ya hatua hiyo siku hiyohiyo. Akakataa kuapa, akaondolewa. Alirejea Septemba 2008 kwa kiapo kipya. Kwa hiyo usiandike "Mahakama ya Juu, 2005–2015". Andika mistari miwili, na katikati ueleze.

Fanya hivyo kwa kila jaji aliyekuwa kazini watawala wa kijeshi walipotaka majaji waape upya, yaani Machi 1981 (Zia-ul-Haq), Januari 2000 au Novemba 2007 (Musharraf): aliapa au alikataa? Wasifu rasmi huweza kulipita swali hili kimyakimya. Mwaka 1981 Dorab Patel na Fakhruddin G. Ebrahim walikataa. Ebrahim baadaye alikuwa Gavana wa Sindh, kisha Kamishna Mkuu wa Uchaguzi, 2012–2013.

Sasa piga hesabu ya umri. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 62, wa Mahakama ya Juu 65. Tarehe isipolingana, ama umekosea mwaka wa kuzaliwa, ama aliondoka kwa njia nyingine. Ongeza Ibara ya 207 ya katiba, inayomzuia jaji mstaafu kushika kazi ya serikali yenye malipo kwa miaka miwili, isipokuwa kazi za kimahakama na nyadhifa chache kama Kamishna Mkuu wa Uchaguzi. Nasir-ul-Mulk alistaafu Agosti 2015, akawa Waziri Mkuu wa mpito kuanzia 1 Juni hadi 18 Agosti 2018: muda ulikwishapita. Usimamizi wake wa tume ya uchaguzi, 2013–2014, ulikuwa wa kukaimu akiwa bado jaji, basi neno "kaimu" lisidondoke.

Majina ya mahakama huponza wengi. Mahakama Kuu ni ya jimbo (Islamabad nayo ina yake). Mahakama ya Juu ni ya nchi nzima. Kila moja ina Jaji Mkuu, hivyo "Jaji Mkuu" pekee hakutoshi. Na usimwite "Mulk": Nasir-ul-Mulk ni jina moja, na sikio la Mswahili litasikia humo nusura na milki.

Mwisho, namna ya uteuzi. Marekebisho ya 26 ya katiba, Oktoba 2024, yaliipa kamati ya bunge kazi ya kumchagua Jaji Mkuu wa Pakistan kati ya majaji watatu waandamizi zaidi, kwa miaka mitatu. Usiyarudishe nyuma hadi 2014. Wakati huo aliyetangulia kwa uandamizi ndiye aliyeshika nafasi.