Rova inapoteza fiksi magharibi ikiingia? Fanya hivi

Kama unapima viwanja Dodoma, Morogoro au Unguja na rova (risiva ya GPS unayotembea nayo) inaanza kuyumba na kupoteza fiksi (jibu la mahali lenye usahihi wa sentimita) kila giza linapoingia, usikimbilie kulaumu betri. Kilomita kama 350 juu yako kuna ayonosfia, tabaka la angahewa lililojaa elektroni zinazovuruga mawimbi ya setilaiti. Ikweta ya sumaku kwa upande wetu inapita Ethiopia. Elektroni zinazopandishwa pale mchana huteremkia kaskazini na kusini yake, na rundo la kusini linaangukia Tanzania. Ndiyo maana miongozo ya wapimaji wa Ulaya haitufai sana.

Hatua ya 1: Panga saa kwanza. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Jua likishazama, mapovu yenye elektroni chache huchomoza kutoka chini ya tabaka hilo, na mawimbi ya setilaiti yanayopita humo hupanda na kushuka ovyo. Balaa huanza kama saa moja na nusu usiku hadi karibu saa sita, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na huzidi miaka ambayo jua lina madoa mengi. Pointi za kuegemea kazi nzima zipime asubuhi, kabla ya saa nne.

Programu za simu zinazoonyesha Kp (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia) zisikupe moyo. Mapovu haya hutokea hata siku ambazo Kp iko chini kabisa.

Hatua ya 2: Tumia risiva ya masafa mawili. Ayonosfia huchelewesha L2 (MHz 1227.60) kuliko L1 (MHz 1575.42), na risiva hutumia tofauti hiyo kufuta karibu kosa lote. Mchana kosa la L1 peke yake linaweza kupita mita 10. Ila masafa mawili hayatibu mapovu ya usiku: wimbi likishakatika, hakuna cha kusahihisha.

Hatua ya 3: Sogeza besi, yaani risiva iliyosimama kwenye pointi inayojulikana na kuitumia rova masahihisho. Mimi sipendi kuvuka kilomita 10 kati yake na rova. Ukilazimika kwenda mbali, mstari wa mashariki–magharibi una nafuu, kwa sababu wingi wa elektroni hubadilika haraka zaidi ukielekea kaskazini au kusini.

Angalia na mwinuko. Besi ikiwa Mombo na rova Lushoto, kuna karibu kilomita nzima ya hewa yenye unyevu kati yao, na kosa lake huangukia kwenye kimo. Masafa mawili hayaoni unyevu. Weka besi mlimani.

Hatua ya 4: Kata setilaiti za chini. Acha zilizo chini ya nyuzi 15 kutoka upeo wa macho, inatosha. Hewa ya chini huchelewesha wimbi la utosini kwa takriban mita 2.4, kwenye nyuzi 10 ni zaidi ya mara tano ya hapo.

Hatua ya 5: Soma nguvu za mawimbi. Fungua ukurasa wa setilaiti. Mti hushusha namba ya nguvu ya wimbi (dB-Hz) na kuiacha chini. Povu huirusha: 45, 36, 44, 33 ndani ya sekunde chache, tena kwa setilaiti za upande mmoja wa anga, huku nyingine zimetulia. Ukiona hivyo, zizime hizo kwanza.

Fiksi ikirudi, usiiamini papo hapo. Anzisha upya utafutaji wa fiksi, rudi kwenye bikoni unayoijua, linganisha. Ikipishana zaidi ya sentimita 3, funga tripodi, mje alfajiri.