Pima dawa ya ngozi kwa kidole
Kwa wenzangu wa Mtwara wenye pumu ya ngozi, hasa mnaobangua korosho: dawa ya kupaka yenye steroidi (kemikali ya kutuliza uvimbe na muwasho), kama betamethasoni, pimeni kwa kidole. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza. Ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mimi nilikuwa napaka chembe tu kwa woga, muwasho hauishi; wengine hujipaka kama losheni hadi ngozi inakuwa nyembamba. Usoni na kwenye mikunjo usipake dawa kali bila daktari. Kama ni choa, acha kabisa: muwasho hutulia huku fangasi inasambaa. Na mafuta ya ganda la korosho yakiendelea kukugusa mikono mitupu, hakuna tyubu itakayokutosha.