Kuondoa Kiingereza cha mdomoni kwenye barua rasmi

Barua ya kuomba kazi iandike kwanza yote kama inavyokujia, kisha ndipo uanze kuwinda maneno ya mdomoni. Ukifanya yote kwa pamoja, wazo linakatika.

Anza na 'gonna', 'wanna' na 'gotta'. Weka 'going to', 'want to' na 'have to', ukikumbuka kwamba kwa 'she' au 'he' inakuwa 'wants to' na 'has to'. Neno 'kinda' lifute tu. Mara nyingi sentensi haipungukiwi kitu. Hata kwenye mazungumzo, 'gonna' hutangulia kitenzi peke yake: 'I'm gonna travel' inasemwa, lakini 'I'm gonna Mombasa' haisemwi, maana hapo 'to' inaonyesha mahali.

Halafu bonyeza Ctrl+F, utafute alama ya apostrofi. 'Don't' na 'I'm' si makosa hata kidogo, ila kwa barua rasmi ni vyepesi. Kazi iko kwenye 'I'd', kwa sababu inaficha maneno mawili. Angalia kitenzi kinachofuata: 'I'd like' ni 'I would like', 'I'd finished' ni 'I had finished'. 'I'd better' ni 'had' siku zote. Kwenye maswali kuwa mwangalifu zaidi: ukiivunja 'Why don't you' kuwa 'Why do not you' umeharibu. 'Not' huhamia baada ya mtenda: 'Why do you not'.

Kosa baya kuliko yote ni 'could of'. Linatokana na sikio, kwa kuwa 'could've' ikitamkwa haraka husikika hivyo, na hata Waingereza wenyewe huliandika. Kisahihisha tahajia kinaweza kulipita, maana 'of' ni neno halali. Tafuta 'ld of': utanasa 'could of', 'should of' na 'would of' kwa mkupuo mmoja, pamoja na 'world of' na 'field of', ambazo uziache. Kwenye hizo tatu za kwanza weka 'have', isipokuwa 'of' ikiwa ni ya 'of course'.

'Alright' iandike 'all right'. 'Ain't' inabeba 'am not', 'is not', 'are not', 'has not' na 'have not', hivyo soma sentensi nzima kabla ya kuibadilisha.

Ukimnukuu mtu, maneno yake yaache kama alivyoyasema. Na ujumbe wa simu kwa rafiki usiuguse. Hapo 'I do not know' inasikika kama umemkasirikia.